Timu Mchanganyiko: Kwa Nini Natazama Judo Siku ya Mwisho

Marafiki wanaojua kwamba mimi ni mpenzi wa judo huniuliza, kila yanapowadia mashindano ya dunia au Michezo ya Olimpiki, watazame siku ipi, kwa maana mashindano hayo huchukua zaidi ya wiki na si kila mtu ana subira ya kukaa na mapambano ya mchujo tangu asubuhi. Zamani jibu langu lilikuwa siku ya uzito wa juu wa wanaume, kwa sababu ya Teddy Riner wa Ufaransa, ambaye tangu alipotwaa ubingwa wa dunia mwaka 2007 akiwa na umri wa miaka 18 amekuwa kivutio kisichohitaji maelezo. Sasa jibu langu ni jingine. Nawaambia watazame siku ya mwisho, siku ya timu mchanganyiko, ambapo wanaume watatu na wanawake watatu wa nchi moja hukutana na wenzao wa nchi nyingine, na ushindi wa kila mmoja huhesabiwa sawasawa na wa mwingine. Nitaeleza sababu, na maelezo yatakuwa marefu kidogo, kwa kuwa siku hiyo haieleweki vizuri mpaka mtu ajue wanawake walifikaje kwenye mkeka huo.

Kwanza pambano lenyewe. Judo ya kimataifa huchezwa kwa dakika nne, wawe ni wanaume au wanawake. Wachezaji wawili hupanda mkekani, mmoja amevaa vazi jeupe na mwenzake la buluu, huinama kusalimiana, mwamuzi hutamka hajime, na mchezo huanza. Anayembwaga mpinzani wake chali kwa nguvu, kwa kasi na kwa kumdhibiti mpaka chini hupata ippon, na hapo pambano huisha hata kama zimepita sekunde chache tu. Ippon hupatikana pia kwa kumbana mpinzani mgongo ukiwa chini kwa sekunde 20, kwa kumpiga kabali, au kwa kumpinda kiwiko mpaka agonge mkeka kwa kiganja kukubali yaishe. Mweleka ambao haukukamilika vizuri hupewa waza-ari, na waza-ari mbili huwa ippon. Anayekaa bila kushambulia, anayekwepa kushikwa au anayetoka nje ya eneo la mchezo hupewa onyo liitwalo shido, na onyo la tatu humtoa. Dakika nne zikiisha bila mshindi, huanza muda wa dhahabu ambao hauna kikomo, na hapo ndipo huonekana nani alifanya mazoezi ya pumzi na nani alitegemea misuli.

Mtazamaji mgeni huchoshwa na kile kile ambacho mimi hukitazama zaidi, nacho ni vita vya kushikana. Kabla ya mweleka wowote kila mchezaji anataka mkono mmoja upate ukosi wa koti la mpinzani na mwingine upate mkono wa koti karibu na kiwiko, na yule wa upande wa pili anataka vivyo hivyo huku akizuia. Angalia vidole vyao. Vimefungwa plasta nyeupe kwenye kila kiungo, kwa kuwa kitambaa cha koti la judo ni kizito, kimefumwa vipunje vipunje kama mchele, na humchubua ngozi anayekishika mtu mwingine akikikwanyua kwa nguvu zake zote. Mimi nimefanya mazoezi ya judo kwa kiwango cha kawaida kabisa, lakini hata kiwango hicho kinatosha kumfundisha mtu kwamba mweleka mzuri huamuliwa kabla miguu haijasogea. Mchezaji akishapata ukosi alioutaka, utamwona bega lake likishuka kidogo na hatua zake zikifupika, na mpinzani naye ataanza kurudi nyuma bila kukusudia. Sekunde moja au mbili baadaye ndipo huja ngwala, au mtu hubebwa mgongoni na kutupwa mbele, na ukumbi mzima ukalipuka. Wengi hudhani kwamba walichokiona kimetokea ghafla.

Ndiyo maana waandalizi hupima makoti kabla ya kila pambano. Mkono wa koti lazima ufike karibu na kifundo cha mkono wa mvaaji na uwe na upana wa kutosha kwa mpinzani kuushika, kwa sababu koti lililobana ni ulaghai usiopigiwa kelele. Uzito nao hupimwa siku moja kabla, na asubuhi ya mashindano baadhi ya wachezaji huteuliwa kwa kura kupimwa tena, wasije wakawa wamejikausha maji kupita kiasi na kurudi mkekani wakiwa wazito kuliko kundi lao kwa zaidi ya asilimia 5. Wanaume wana makundi saba, kuanzia kilo 60 hadi zaidi ya kilo 100, na wanawake wana saba, kuanzia kilo 48 hadi zaidi ya kilo 78. Kila kundi hutoa medali moja ya dhahabu, moja ya fedha na mbili za shaba.

Usawa huo wa saba kwa saba unaonekana leo kama jambo lililokuwapo siku zote, ilhali haukuwapo. Jigoro Kano, mwasisi wa judo, alianzisha Kodokan, shule ya kwanza ya judo, jijini Tokyo mwaka 1882, na ingawa yeye mwenyewe aliwakubali wanafunzi wa kike, na idara ya wanawake ilifunguliwa rasmi katika miaka ya 1920, wanawake walifundishwa hasa mbinu zilizopangwa na si mashindano. Maisha ya Keiko Fukuda yanaeleza hali hiyo kuliko takwimu yoyote. Babu yake, Hachinosuke Fukuda, ndiye aliyekuwa mmoja wa walimu wa Kano katika jujutsu kabla judo haijazaliwa, na Kano mwenyewe ndiye aliyemwalika mjukuu huyo ajifunze. Alikuwa mwalimu wa hali ya juu, akafundisha judo nchini Marekani kwa miongo mingi, na bado alikwama kwenye dan ya 5 (dan ni daraja la mkanda mweusi) kwa miaka mingi kwa sababu tu wanawake hawakuruhusiwa kupanda zaidi ya hapo. Kodokan ilimpa dan ya 9 mwaka 2006, akiwa bibi wa zaidi ya miaka 90. Huwa nakasirika kila ninapoisoma habari hiyo, na sioni haja ya kuificha hasira yangu kwa lugha ya adabu.

Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Tokyo mwaka 1956, ya wanaume peke yao, bila makundi ya uzito, na Shokichi Natsui wa Japani akawa bingwa. Imani ya wakati ule ilikuwa kwamba ufundi halisi hauhitaji mizani. Imani hiyo ilitikiswa mwaka 1961 mjini Paris, Anton Geesink wa Uholanzi alipotwaa ubingwa wa dunia, na ikavunjika kabisa mwaka 1964 judo ilipoingia kwa mara ya kwanza katika Olimpiki, tena Tokyo, na Geesink huyo huyo akambana chini Akio Kaminaga katika fainali ya uzito huria, yaani usio na kikomo, ndani ya ukumbi wa Nippon Budokan. Washabiki wa Kiholanzi walitaka kukimbilia mkekani, naye akawainulia mkono kuwazuia hali bado yuko chini na mpinzani wake. Geesink ndiye pia aliyelipigia debe vazi la buluu, lililokubaliwa na shirikisho la kimataifa mwaka 1997, na Wajapani wengi walilichukia. Mimi naliunga mkono kwa sababu rahisi: watu wawili waliovaa nyeupe wakigaragara chini, hata mwamuzi hupotea.

Wanawake wakati huo wote walikuwa wapi? Mwaka 1959, katika jimbo la New York, mwanamke aitwaye Rusty Kanokogi alishiriki mashindano ya judo ya YMCA pamoja na timu yake akichukua nafasi ya mwanamume aliyeumia. Alikuwa amekata nywele fupi na kujifunga kifua, na hakuna aliyemshuku mpaka alipomshinda mpinzani wake na timu yake ikashinda. Baada ya hapo mwandalizi alimwita kando akamuuliza kama yeye ni mwanamke. Alikiri, akanyang'anywa medali. Wapo ambao wangeishia kulalamika. Yeye alikwenda Japani kufanya mazoezi Kodokan, kisha akarudi na kuanza kazi ya miaka mingi ya kuwatafutia wanawake mashindano yao wenyewe, na mwaka 1980 yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya judo ya wanawake katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York. Ili kuyafanikisha aliiweka rehani nyumba yake. Jane Bridge wa Uingereza alitwaa ubingwa wa kilo 48 na Ingrid Berghmans wa Ubelgiji akatwaa wa uzito huria, na kwa hakika Berghmans angestahili kujulikana leo kama wanavyojulikana mabingwa wa kiume wa kizazi chake.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda hatua kwa hatua. Kwa miaka kadhaa wanaume walikuwa na mashindano yao ya dunia na wanawake yao, katika miji tofauti na miaka tofauti, mpaka mwaka 1987 mjini Essen, Ujerumani, walipokutanishwa chini ya paa moja. Katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 wanawake walicheza judo kama mchezo wa maonesho, na Barcelona mwaka 1992 wakapewa medali kamili. Hata baada ya hapo zilibaki tofauti ndogo ndogo ambazo watetezi wake walizieleza kwa maneno ya afya na maumbile. Mikanda myeusi ya wanawake ilikuwa na mstari mweupe katikati kwa miaka mingi, na muda wa pambano haukuwa sawa siku zote. Katika kipindi cha mwisho kabla ya kusawazishwa, wanaume walikuwa wakicheza dakika tano na wanawake nne, na tangu mwaka 2017 wote hucheza dakika nne. Linanifurahisha hilo kwa namna ya pekee, kwa sababu usawa ulipofika haukuja kwa kuwaongezea wanawake mzigo bali kwa kukiri kwamba dakika nne zao zilikuwa zinatoa mchezo mzuri zaidi.

Mwenye shaka na ubora wa mchezo huo amsome Ryoko Tani, ambaye wengi walimjua kwanza kwa jina la Tamura. Alianzia Barcelona akiwa na umri wa miaka 16, akapoteza fainali ya kilo 48 kwa Cécile Nowak wa Ufaransa. Atlanta mwaka 1996 akapoteza fainali tena, safari hii kwa Kye Sun-hui wa Korea Kaskazini, msichana wa miaka 16 ambaye karibu hakuna aliyekuwa amemsikia. Alipata dhahabu mwaka 2000 na mwaka 2004, na shaba mwaka 2008, na katikati ya hayo alikusanya mataji saba ya dunia. Taji la saba alilipata Rio de Janeiro mwaka 2007, baada ya kuzaa mtoto, katika mashindano yale yale ambayo Riner alipata taji lake la kwanza. Kila mtu anayesimulia mashindano hayo huanza na kijana wa Kifaransa. Mimi naona kwamba mama aliyerudi kushinda alifanya jambo gumu zaidi, na sidhani kwamba Riner mwenyewe angenibishia.

Kupangwa kwa wanaume na wanawake katika ratiba moja kulizaa pia matukio ambayo yasingewezekana hapo kabla. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyosogezwa hadi mwaka 2021, kilo 52 za wanawake na kilo 66 za wanaume zilichezwa siku moja, na ndugu wawili wa tumbo moja, Uta Abe na kaka yake Hifumi, wakatwaa dhahabu zote mbili siku hiyo. Paris mwaka 2024 walirudi kuzitetea, tena siku moja. Hifumi alifanikiwa, lakini Uta alibwagwa mapema na Diyora Keldiyorova wa Uzbekistan, ambaye baadaye ndiye aliyeichukua dhahabu yenyewe. Uta alilia kwa sauti ukumbini, mbele ya kamera zote, kiasi kwamba pambano lililofuata lilichelewa kidogo kuanza. Baadhi ya watu walimlaumu wakisema amevunja adabu ya judo. Nawaheshimu wanaoipenda adabu hiyo, lakini aliyetumia miaka mitatu kujiandaa kwa siku moja na ikaisha kabla ya adhuhuri ana haki ya kulia, na kilio chake hakikumpunguzia Keldiyorova chochote.

Sasa nifike kwenye timu. Timu mchanganyiko iliingizwa katika mashindano ya dunia mwaka 2017 mjini Budapest, na katika Olimpiki ikaanza Tokyo. Kila nchi huleta wanawake katika makundi matatu, kilo 57, kilo 70 na zaidi ya kilo 70, na wanaume katika makundi matatu, kilo 73, kilo 90 na zaidi ya kilo 90. Wanapokezana, mwanamke kisha mwanamume au kinyume chake, na timu ya kwanza kufikisha ushindi wa mapambano manne huwa imeshinda, hata kama wengine hawajapanda mkekani. Zikifungana tatu kwa tatu, kundi moja huteuliwa kwa bahati nasibu na wachezaji wake hurudi kupambana tena kwa muda wa dhahabu.

Makundi hayo sita ni machache kuliko yale 14 ya mtu mmoja mmoja, na hapo ndipo utamu unapoanza. Mwenye kilo 63 hana nafasi yake, kwa hiyo ama akae kando ama apande kupambana na wa kilo 70. Tokyo, katika fainali kati ya Ufaransa na Japani, pambano la kwanza lilimkutanisha Clarisse Agbegnenou, bingwa mpya wa Olimpiki wa kilo 63, na Chizuru Arai, bingwa mpya wa Olimpiki wa kilo 70. Siku ya kawaida wawili hao wasingekutana kamwe. Agbegnenou alishinda, Ufaransa ikapata moyo, na mwisho ikashinda kwa mapambano manne dhidi ya moja katika nchi ambayo judo ilizaliwa. Mpaka leo husikia watu wakisema kwamba Riner ndiye aliyewapa Wafaransa dhahabu ile. Riner alishinda pambano lake, ni kweli, lakini mlango ulifunguliwa na mwanamke aliyepanda uzito.

Paris ilikuwa kali zaidi. Fainali ilikuwa ya nchi zile zile mbili, na baada ya mapambano manne Japani ilikuwa mbele kwa matatu dhidi ya moja, na sehemu ya sababu ilikuwa Natsumi Tsunoda, bingwa wa kilo 48, ambaye makocha wake walithubutu kumpandisha katika kilo 57 akamshinda Sarah-Léonie Cysique. Japani ilihitaji ushindi mmoja tu. Katika kilo 73 walimpandisha Hifumi Abe, bingwa mara mbili wa kilo 66, dhidi ya Joan-Benjamin Gaba, kijana ambaye miezi michache kabla ni wachache waliokuwa na habari zake, ingawa siku chache kabla alikuwa amepata fedha ya kilo 73. Pambano liliingia muda wa dhahabu. Abe alikuwa na ufundi zaidi, jambo hilo lilionekana kwa kila jicho, lakini kilo saba zilizokuwa upande wa pili zilikuwa zikimla pumzi polepole. Kila aliposhika, Gaba alimlalia, na kila alipojitoa, alijitoa kwa shida kidogo kuliko mara iliyotangulia. Mwishowe aliyeanguka ni Abe. Ilikuwa tatu kwa mbili.

Akaja Agbegnenou dhidi ya Miku Takaichi, wote wawili wakiwa wa kilo 63 waliopanda kilo 70, na akasawazisha. Tatu kwa tatu. Skrini ya ukumbi ikazungusha majina ya makundi, ikasimama kwenye uzito wa juu wa wanaume, na ukumbi wa Champ-de-Mars ukapiga kelele ambazo hata kwenye runinga zilitetemesha sauti ya mtangazaji, kwa kuwa kundi hilo lilikuwa la Riner. Alikuwa amekwisha kumshinda Tatsuru Saito mara moja ndani ya fainali hiyo hiyo, na siku iliyotangulia alikuwa ametwaa dhahabu yake mwenyewe akiwa na umri wa miaka 35. Saito, mtoto wa Hitoshi Saito aliyekuwa bingwa wa Olimpiki mara mbili, alikuwa na umri mdogo zaidi na pumzi nyingi zaidi. Lilikuwa pambano refu, zito, lenye mapumziko mafupi ya kurekebisha mikanda ambayo wote wawili waliyatumia kuhema. Riner akamwangusha, na ikawa nne kwa tatu.

Nimesikia manung'uniko kuhusu bahati nasibu hiyo, na sehemu yake nayakubali. Kuacha medali ya Olimpiki iamuliwe kwa kompyuta kuchagua kundi ni jambo ambalo lingeudhi hata kama lingekuwa la haki kabisa, na siku ile kundi lililotoka lilimpendelea mwenyeji kiasi kwamba dhana mbaya zilikuwa lazima zizuke. Bora kila timu ingetangaza mapema mchezaji wake wa pambano la saba, ikaweka jina kwenye bahasha, na bahasha zikafunguliwa mbele ya watu. Lakini wanaosema kwamba Riner peke yake ndiye aliyeshinda wanasahau hesabu. Bila Agbegnenou hakukuwa na pambano la saba, wala bila Gaba.

Lipo lalamiko jingine ambalo silikubali, nalo ni kwamba mpangilio huu unawanyima nafasi wachezaji wepesi, wa kilo 48 na kilo 60. Tsunoda alilijibu mkekani. Jambo ninalolichukia mimi katika judo ya leo ni mapambano yanayoamuliwa kwa shido, ambapo mchezaji mzoefu humsukumia mwenzake lawama ya kutoshambulia kwa mashambulizi ya uongo, yale ya kupiga magoti na kujiviringisha bila nia ya kumwangusha mtu. Siku za mtu mmoja mmoja hujaa mchezo huo, hasa nusu fainali. Katika timu hupungua, na nadhani sababu ni kwamba wenzako watano wamekaa ukingoni mwa mkeka wanakuangalia, na aibu ya kushinda kwa hila mbele yao ni kubwa. Kurudishwa kwa yuko mwaka 2025, pointi ndogo iliyokuwa imefutwa mwaka 2017, huenda kutasaidia pia, kwa kuwa sasa mweleka wa ubavu au kumbana mtu chini kwa sekunde tano kunahesabiwa, na anayefanya kazi halisi hapotezi tena kwa anayecheza na saa.

Kuhusu Agbegnenou niongeze jambo moja ambalo halihusu timu. Alijifungua mwaka 2022, na mwaka uliofuata, mtoto wake hajatimiza mwaka, alirudi Doha akatwaa ubingwa wa dunia kwa mara ya sita. Njiani alilazimika kudai hadharani kwamba mama anayenyonyesha aruhusiwe kuwa na mwanawe kwenye kambi na mashindano. Shirikisho lolote linalojivunia timu mchanganyiko na lisiweke chumba cha mama na mtoto nyuma ya ukumbi halijaielewa timu hiyo ni kitu gani.

Athari kubwa ya siku hii, kwa maoni yangu, haionekani Ufaransa wala Japani, nchi ambazo zilikuwa na wanawake hodari tangu zamani. Japani ilitwaa ubingwa wa dunia wa timu mchanganyiko kila yalipofanyika mashindano kuanzia mwaka 2017 hadi 2024. Tazama badala yake Georgia, nchi ndogo ya milimani yenye mieleka yake ya asili iitwayo chidaoba, ambayo kwa miaka mingi ilitoa mabingwa wa kiume mfululizo, akiwamo Lasha Bekauri aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki ya kilo 90 Tokyo na tena Paris. Upande wa wanawake ulikuwa karibu mtupu. Katika mashindano ya mtu mmoja mmoja upungufu huo haukuwaumiza, kwa kuwa medali za wanaume zilitosha kuwapa sifa. Katika timu uliwaumiza: wangeweza kushinda mapambano yote matatu ya wanaume na bado wakaukosa ule ushindi wa nne.

Nchi yenye hesabu hiyo mbele yake ina njia moja tu, kuwekeza kwa wasichana. Mwaka 2025 mjini Budapest, Eteri Liparteliani alitwaa ubingwa wa dunia wa kilo 57, mwanamke wa kwanza wa Georgia kufanya hivyo, na siku ya mwisho ya mashindano hayo hayo Georgia ikatwaa ubingwa wa timu mchanganyiko. Kilo 57 ni moja ya makundi matatu ya wanawake katika timu, na kabla ya hapo kocha wa timu pinzani aliyekuwa akipanga kikosi dhidi ya Georgia aliweza kuandika pointi za wanawake upande wake hata kabla ya kura kupigwa. Hesabu hiyo sasa haipo tena.